Shokapu za mbele: kuvumilia au kubadilisha, mpya au mtumba? Ulinganisho kwa wenye magari Arusha na Moshi

Ukifika gereji ukamwambia fundi gari linagonga mbele, jibu la haraka karibu kila mara ni lilelile: "Bosi, shokapu zimekufa." Huenda ni kweli. Huenda pia kilichokufa ni stebilaiza linki, kifaa cha bei ndogo kinachounganisha shokapu na fito ya kuzuia gari lisilale, kinachoshikiliwa na nati mbili, ambacho fundi anakimaliza kabla chai yako haijapoa. Wenye magari wengi huanza kwa kuuliza bei ya shokapu dukani, wakati swali la kwanza ni kama shokapu zenyewe zina kosa lolote. Kwa hiyo nitalinganisha kwanza dalili, halafu ndiyo nije kwenye mpya, mtumba na za kuchaji.

Shokapu gani tunayoizungumzia

Kwenye IST, Vitz, Premio, Noah, Rumion na RAV4, ukichungulia nyuma ya tairi la mbele utaona nguzo moja iliyosimama: shokapu iko katikati, springi imeizunguka. Nguzo hiyo inafanya kazi tatu kwa pamoja. Inabeba uzito wa gari kupitia springi, inatuliza mdundo, na inageuka pamoja na tairi unapokata usukani. Mfumo huu unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na Ford ya Uingereza iliuingiza kwenye magari yake ya Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mpaka leo sehemu kubwa ya magari madogo tunayoagiza Japani yanatembelea wazo hilohilo.

Nyuma mambo hubadilika. IST ina springi upande wake na shokapu upande wake, kwa hiyo kubadilisha shokapu ya nyuma ni kazi nyepesi. Harrier na Subaru Forester za zamani zina nguzo kamili kwenye matairi yote manne, na mwenye gari hilo ajue mapema kwamba bili yake ni mara mbili. Land Cruiser zile za kubeba watalii, za ukoo wa 70, ni habari nyingine kabisa: shokapu zinafungwa peke yake, hazishiki springi, na fundi anaweza kuzibadilisha porini kwa jeki na spana.

Tofauti hii inagusa mfuko. Nguzo ya MacPherson haifunguliwi bila kubana springi kwa kifaa maalumu, na ikirudishwa lazima upige alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa matairi. Ukibadilisha shokapu isiyo na kosa, umelipa ufundi, umelipa alaimenti, na mlio uko palepale.

Kugonga dhidi ya kuelea

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko popote.

Gari linalogonga linatoa sauti. Unapita rasta za barabarani kwa mwendo mdogo, unasikia kokoko kokoko upande mmoja. Sauti ya namna hiyo mara nyingi inatoka kwenye stebilaiza linki, bushi (mipira ya maungio) za mkono wa chini, boljointi (kiungo kinachoruhusu tairi kugeuka), au mauntingi ya juu, kile kikalio kinachoshika shokapu kwenye bodi, iliyochoka mpira. Kila kimoja kati ya hivyo kina bei yake, na vingi ni nafuu kuliko jozi ya shokapu.

Gari linaloelea linaweza lisitoe sauti yoyote. Unavuka tuta, mbele inapanda, inashuka, inapanda tena, kana kwamba haijasikia kwamba tuta limekwisha. Ukikanyaga breki pua inainama sana. Ukipishana na lori, mwili wa gari unayumba na kuchelewa kutulia. Kwenye kona gari linalala. Hiyo ndiyo lugha ya shokapu iliyokwisha.

Sababu iko kwenye kazi yenyewe. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu kazi yake ni kuzima mdundo wa springi kwa kusukuma oili ipite kwenye matundu madogo, na nguvu ya ule mdundo inageuka joto. Oili ikipungua au valvu za ndani zikilegea, hakuna cha kuzima. Kwa sababu hiyohiyo, gari lililolala upande mmoja likiwa limesimama, usikimbilie shokapu. Angalia springi: imechoka au imekatika mzingo wa mwisho chini, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi.

Kuna kipimo kila mtu anakijua, cha kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuachia. Gari likipanda na kutulia, wanasema shokapu ni nzima. Likidunda mara mbili tatu, imekufa. Nusu ya pili naikubali, ya kwanza siikubali. Mkono wa mtu unasukuma polepole, shimo la barabarani linasukuma kwa kasi kubwa, na ndani ya shokapu mambo hayo mawili hayashughulikiwi na njia moja ya oili. Shokapu iliyochoka nusu inafaulu mtihani wa mkono vizuri kabisa halafu inakuaibisha kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Vipimo ninavyoviamini ni vitatu. Cha kwanza ni tairi. Pitisha kiganja juu ya uso wake kuzunguka duara lote. Ukihisi mabonde na vilima kwa kupokezana, tairi limekuwa likiruka badala ya kubana barabara, na mshukiwa mkuu ni shokapu. Tairi lililoliwa ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje, linakuelekeza kwenye alaimenti au bushi. Cha pili ni oili, na hapa kwetu kinahitaji subira kwa sababu vumbi linaganda popote penye unyevu. Ukungu mwembamba karibu na sili, mpira unaozuia oili isitoke, si jambo la kutisha. Mwili wa shokapu ukiwa umelowa mpaka chini na kujenga tope jeusi, hiyo imevuja. Ukiwa na shaka, ifute kwa kitambaa, tembea wiki moja, angalia tena. Cha tatu: mwambie mtu akate usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama, wewe weka mkono kwenye springi bila kuingiza vidole katikati ya mizingo. Ikijikunja kisha ikaruka kwa kishindo, mauntingi ya juu na bearingi yake ndivyo vya kubadilisha.

Ongeza kimoja kisicho cha kifundi. Mpe dereva mwingine gari lako aende nalo Usa River na kurudi. Shokapu zinachoka taratibu, na mwenye gari anazoea kila siku kidogo kidogo mpaka haoni tena kitu. Mgeni anaona dakika ya kwanza.

Kilomita kwenye karatasi, na barabara yenyewe

Kampuni ya Monroe hupendekeza kufikiria kubadilisha shokapu kila kilomita 80,000. Ni namba nzuri ya kuanzia, ila ina matatizo mawili kwetu. Odometa ya gari lililotoka Japani ni ya kusikiliza kwa sikio moja. Na kilomita zenyewe hazilingani.

Anayeishi Njiro na kufanya kazi katikati ya mji wa Arusha anatembea lami karibu siku nzima. Huyo anaweza kuzidi namba hiyo na shokapu zikawa bado na uhai. Anayekwenda na kurudi Moshi kila siku, karibu kilomita 80 kila upande, naye yuko kwenye lami, lakini anavuka matuta na rasta nyingi, na akichelewa anazivuka kwa kasi. Anayeishi Kibosho au Machame juu, akashuka kwa njia ya vumbi kabla hajaigusa lami, yuko kwenye kundi jingine.

Mbaya kuliko zote ni changarawe iliyojikunja mikunjo midogo midogo, kama ile ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi. Pale shokapu inapanda na kushuka mfululizo bila pumziko. Oili inapata moto, inatoa povu, na povu haliwezi kuzuia kitu. Ndiyo maana dereva anahisi gari limekuwa jepesi usukani baada ya muda, kisha likipumzika linarudi katika hali yake. Shokapu za gesi zina naitrojeni yenye mgandamizo ndani ili kuizuia oili isitoe povu haraka. Kwa safari za namna hiyo gesi si anasa.

Halafu kuna vumbi, ambalo kwa maoni yangu linaua shokapu nyingi kuliko mashimo. Fimbo ya shokapu imepakwa kromu na inateleza ndani ya sili. Juu yake kuna mpira wa kuzuia vumbi. Mpira huo ukichanika, mchanga unakaa kwenye fimbo, unaingia kwenye sili kila inaposhuka, unakwangua kromu, na baada ya hapo kuvuja ni suala la muda. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo sana. Wakati mwingine fundi anafunga shokapu mpya na kuurudisha mpira uleule uliochanika, au asiurudishe kabisa.

Kuvumilia dhidi ya kubadilisha sasa

Kuvumilia kunakubalika pale gari limepoteza ulaini kidogo, hakuna oili iliyotiririka, tairi liko sawa kiganjani, na matumizi ni ya mjini kwa mwendo wa kawaida. Kagua tena kila unapomwaga oili ya injini. Hakuna haja ya kukopa kwa ajili ya hilo.

Kusikokubalika ni haya: shokapu imelowa, tairi lina mabonde, au pua inainama kupita kiasi kwenye breki. Fikiria mteremko wa kutoka Marangu. Geti la hifadhi liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kutoka pale mpaka Himo mguu uko kwenye breki muda mwingi. Uzito wote unahamia mbele. Shokapu ikiwa haina nguvu, tairi linapokutana na kiraka cha lami linaruka, na tairi lililo hewani halipigi breki. Kwa Noah inayobeba abiria siku nzima, sioni hoja ya kuvumilia hata mwezi mmoja.

Kusubiri nako kuna bili yake. Tairi zenye mabonde hazirudi, hata ukibadilisha shokapu kesho zitaendelea kuunguruma mpaka uzitupe. Boljointi na mauntingi vinapokea mapigo ambayo shokapu ilipaswa kuyazima. Ukijumlisha matairi mawili ya mbele, akiba uliyoipata kwa kuvumilia imekwenda.

Moja au jozi? Jozi, kwa mbele au kwa nyuma. Upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine mlegevu, gari linavuta kwenye breki na kwenye kona. Nakubali moja tu kwa gari ambalo shokapu zake ni mpya na moja ikapinda kwa ajali.

Mpya, mtumba, au ya kuchaji

Mpya ya Toyota yenyewe ndiyo inayokaa kama gari lilivyotoka kiwandani. Kwa gari la miaka 15 au zaidi, bei yake ni ngumu kuitetea, labda kama gari unalipenda kuliko thamani yake.

Mpya ya kampuni inayojulikana, kama KYB ambayo mafundi wengi bado wanaiita Kayaba, au Monroe, ndiyo njia ya katikati. KYB ni kampuni ya Kijapani inayotengenezea pia viwanda vya magari. Kwa magari mengi ya familia hapa Kaskazini, hapa ndipo ningeweka pesa yangu. Angalizo ni kwamba boksi linaigizwa. Nunua kwa duka linalokubali kuandika namba ya shokapu kwenye risiti ya EFD na kukueleza nini kinatokea ikivuja ndani ya miezi michache. Muuzaji anayekwepa swali hilo amekujibu.

Mpya ya bei poa isiyo na jina inavutia kwa sababu inang'aa. Wengine wamebahatika nayo. Mimi naiweka chini ya mtumba mzuri, kwa kuwa nguvu yake ya kuzuia mara nyingi haikupangwa kwa ajili ya springi ya gari lako: ama ngumu mpaka unahisi kila kokoto, ama laini tangu siku ya kwanza.

Mtumba, ambao tunaagiza kutoka Kariakoo na Gerezani ukaja na basi la usiku, una faida ya kweli isiyotajwa sana. Unakuja nguzo nzima: shokapu, springi, mauntingi na mpira wa vumbi, kila kitu mahali pake. Fundi anafungua boliti za juu na za chini, anaitoa ya zamani, anaweka hii. Hakuna kubana springi, kazi ambayo ikifanywa kwa waya au mnyororo inaweza kumvunja mtu taya. Nguzo mpya mara nyingi huja tupu, kwa hiyo springi yako ya zamani na mauntingi yako ya zamani vinarudi juu yake.

Lakini faida hiyo ndiyo mtego wake. Shokapu tupu unaweza kuipima dukani: isimamishe, ikandamize mpaka chini na kuivuta mara kadhaa, sikiliza kama kuna mahali inapita bila upinzani. Ya gesi iliyo nzima inapanda yenyewe taratibu ukiiachia. Nguzo ya mtumba yenye springi juu yake huwezi kuifanyia hivyo, mkono hauwezi kuishinda springi. Unanunua kwa macho. Basi macho yafanye kazi: inua mpira wa vumbi uone fimbo. Kromu ing'ae bila mikwaruzo wala madoa ya kutu. Pasiwe na oili, na pasiwe pameoshwa kwa petroli asubuhi hiyo; harufu itakuambia. Angalia sahani ya chini inayokalia springi, kwa sababu magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani yametembea kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na kutu huanzia hapo. Omba pia kulia na kushoto zilizotoka gari moja.

Ya kuchaji ni ile ya zamani yako inayotobolewa, kujazwa oili na gesi, kisha kuzibwa. Nafuu, na siku ya kwanza inafurahisha. Ila sili iliyovuja na fimbo iliyokwanguliwa bado ndizo zilezile, na kulehemu karibu na sili kunaongeza tatizo. Kwa IST au Premio siishauri. Kuna shokapu za nje ya barabara zilizotengenezwa zifunguliwe, zina valvu yake na sili zake za akiba; hizo ni jambo tofauti, na kampuni za utalii zinazozitumia zina sababu.

Kuhusu namba, usimwambie muuzaji "nipe za IST" ukaishia hapo. Mpe namba ya chasisi. Kwenye IST, chasisi ya NCP65 inavuta matairi manne, usidhani nyuma yake inalingana na NCP60. Kwa Toyota, namba inayoanza na 48510 ni ya mbele kulia, 48520 ni ya mbele kushoto. Kulia na kushoto kwa mbele hazibadilishani, hata kama kwa mbali zinafanana.

Na spesa je?

Wapo wanaoambiwa waweke spesa, kipande cha kuongeza kimo kwenye springi au nguzo, ili gari lipande na lisiguse matuta. Spesa inainua gari, haitulizi mdundo. Ukiiweka juu ya shokapu iliyokufa umepata gari refu linaloelea, na refu linaloelea ni baya zaidi kwenye kona. Kama shida yako ni matuta ya mtaani kwenu, badilisha shokapu kwanza, ona gari linakaaje, ndipo ufikirie spesa ndogo.

Siku ya kufunga

Kaa karibu na fundi, kwa heshima. Mwombe asishike fimbo ya kromu kwa plaizi. Mkwaruzo mmoja unatosha kuanza kuvuja. Kiraba cha ndani kinachozuia shokapu isigonge mwisho kibadilishwe kama kimesagika, na mpira wa vumbi uwe mzima. Stebilaiza linki iko wazi wakati huo, kwa hiyo kama ina mchezo ibadilishe sasa. Kisha alaimenti siku hiyohiyo, si wiki ijayo ukipata nafasi, maana boliti zinazoshika nguzo chini zinaamua tairi linasimamaje.

Ningechagua nini, kwa nani

Mwenye IST au Premio wa mjini Moshi anayekusudia kubaki nayo: jozi mpya ya mbele ya kampuni inayojulikana, mauntingi mpya kama za zamani zimechoka, nyuma zisubiri mpaka zionyeshe dalili. Noah ya abiria: mpya mbele na nyuma, na ukaguzi wa mara kwa mara, kwa sababu mtumba utakurudisha gereji na kila siku ya gereji ni siku bila hesabu ya tajiri. Forester au Harrier, ambapo nguzo ni nne: kama pesa haitoshi zote, anza na jozi iliyolowa, na mtumba uliokaguliwa vizuri kwa jozi nyingine si aibu. Land Cruiser ya porini: za gesi, za kazi nzito, na jozi ya akiba kwenye gari, kwa kuwa ndilo gari pekee hapa ambalo dereva anaweza kujifungia mwenyewe njiani.

Na kama gari unaliuza mwezi ujao, funga mtumba mzima au uache kama lilivyo ukapunguza bei. Kwa vyovyote, mnunuzi akija mwache alitembeze mpaka kwenye matuta.